Jinsi bakteria wa maji ya Mto Tana wanavyohesabiwa

Mto Tana, ulio mrefu zaidi nchini Kenya, hupita Garsen ukiwa umebeba udongo na kinyesi cha watu na mifugo. Mafuriko yanapozuka, kama ilivyokuwa mwaka wa 2018 na tena mwishoni mwa 2023, vyoo hufurika na uchafu huingia visimani. Kujua kiasi cha uchafuzi huo ni kazi ya maabara, na kazi yenyewe huanza kwa kuzimua.

Mililita moja ya maji machafu yaweza kuwa na bakteria maelfu kwa maelfu. Wakioteshwa jinsi walivyo, husongamana mfano wa ukoga, wala hakuna awezaye kuwahesabu. Kwa hivyo mtaalamu huchukua mililita 1 ya maji hayo na kuitia katika neli yenye mililita 9 za maji yaliyotakaswa, akatikisa vyema. Kutoka neli hiyo huhamisha mililita 1 hadi neli ya pili, kisha ya tatu, kisha ya nne. Kila hatua hupunguza idadi mara 10. Ya nne huwa imefikia mara 10,000.

Mililita 1 ya kila neli humiminwa katika sahani pamoja na agari, lishe inayoganda kama jeli. (Sahani hizo hubeba jina la Julius Richard Petri, Mjerumani aliyezieleza mwaka wa 1887.) Baada ya siku moja au mbili katika joto, bakteria aliye hai huwa amezaana na kuwa doa linaloonekana kwa macho. Sahani inayotegemewa ni yenye madoa kati ya 30 na 300. Ikiwa ile ya neli ya nne ina madoa 42, basi mililita moja ya maji ya awali ilikuwa na bakteria wapatao 420,000.

Hatari imo katika sifuri hizo. Pipeti ile ile ikitumiwa neli zote, hubeba bakteria wa hatua iliyotangulia na hesabu huharibika. Tope nalo huwashikilia bakteria, hivyo asiyetikisa sampuli huyaona maji kuwa safi kuliko yalivyo.

Hesabu hii pekee haithibitishi kipindupindu, ambacho vijidudu vyake huoteshwa kwa lishe maalumu. Maji yaliyotiwa klorini nayo hayazimuliwi: Shirika la Afya Duniani hutaka mililita 100 za maji ya kunywa zisiwe na hata bakteria mmoja wa E. coli, kwa hivyo huchujwa yote na kichujio ndicho huoteshwa.