Homa Iliyowapata Wachunguzi Wenyewe

Mwaka 1930, kondoo wa shamba moja karibu na Ziwa Naivasha walianza kutupa mimba, na wanakondoo wakafa kwa maelfu. Watafiti Daubney, Hudson na Garnham wakachunguza damu na maini ya mizoga katika maabara ya mifugo ya Kabete, na mwaka uliofuata wakatangaza virusi vipya: homa ya Bonde la Ufa. Wachungaji wa shamba lile walikuwa wameugua. Waliopasua mizoga nao wakaugua.

Virusi vikapelekwa London, na homa ikawaangusha watafiti wa huko. Mwaka 1934 iliandikwa habari ya mfanyakazi wa maabara Marekani aliyekufa. Huko Entebbe, Uganda, mtafiti Smithburn na wenzake walivipata kwenye mbu wa msitu wa Semliki mwaka 1944. Ilipofika 1949 walikuwa na makala nzima kuhusu wenzao walioambukizwa kazini. Wala hakuhitajika mbu wa kuwauma. Ini la panya likisagwa, matone yasiyoonekana huruka hewani, na aliyeinamia meza huyavuta puani.

Basi wakajifunza. Zikaja glavu, barakoa na makabati yanayonyonya hewa chafu. Jeshi la Marekani likatengeneza chanjo ya virusi vilivyouawa, wakachanjwa wachache wanaoshughulika na virusi hivyo au mifugo yenye ugonjwa.

Sasa tuje Kismayu, mji wa Somalia ulio karibu na Mto Juba. Mvua za El Niño za mwaka 1997 ziliufurisha mto huo, mbu wakajaa, na homa ikaenea kusini mwa Somalia na ng'ambo ya mpaka, Garissa nchini Kenya, ambako ng'ombe wa Juba huswagwa kwenda kuuzwa. Ilirudi 2006. Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa 114 Somalia, 51 kati yao wakafa. Saudi Arabia ilikuwa imeshapiga marufuku mifugo ya Pembe ya Afrika tangu 1998, ikalegeza, ikafunga tena mwaka 2000 hadi 2009. Mnunuzi alikingwa mapema. Aliyeshika kisu hakupata kitu.

Na kazi ya mchinjaji haina tofauti kubwa na ya Kabete: koo linakatwa, damu inarukia uso, ini linatolewa kwa mkono mtupu. Mfugaji humvuta ndama aliyekufa tumboni mwa mama yake vivyo hivyo. Hata Mbajuni wa visiwa vya Koyama au Chula, ambaye riziki yake ni nyavu, Idi ikifika huchinja.

Mpaka leo hakuna chanjo ya binadamu iliyoidhinishwa kwa watu wa kawaida. Kwa hiyo wanaopeleka dawa za mifugo Juba ya Chini wapeleke pia glavu, buti za mpira, maji na sabuni machinjioni, na wafanye hivyo kabla ya mvua. Nawe msomaji, mnyama aliyetupa mimba usimguse kwa mikono mitupu, na maziwa yachemshe.