Mpangaji Mzee Aliyeshindwa Kodi

Mwenye nyumba afanyeje mpangaji wake mzee akishindwa kulipa kodi? Tuirejee historia. Abu Yusuf (aliyefariki 182 H/798) amesimulia katika Kitabul-Kharaj kuwa Khalifa Umar (r.a.) alimkuta mzee kipofu, Myahudi, akiomba mlangoni mwa watu ili apate jizya na chakula. Umar akamsamehe jizya na kuamuru atunzwe na Baitul-Mali.

Basi mzee fukara ni amana ya umma, si ya mwenye nyumba peke yake. Kodi iliyolimbika ni deni. Na Qur'ani (2:280) yaamrisha mwenye dhiki angojewe, na kumsamehe ni bora zaidi. Ila kwa wanazuoni wengi, deni lililosamehewe halihesabiwi kuwa Zaka. Tumpe mzee Zaka mkononi, bila sharti, naye alipe mwenyewe. Wallahu a'lam.