Taa ya kiashirio kwenye betri ya volti 12
Taa ndogo ya LED nyekundu, inayofaa kuwaonyesha wavuvi wa dagaa wa Mwanza kwamba betri iliyochukua nafasi ya karabai ina umeme, huhitaji takriban volti 2 tu. Ikiunganishwa moja kwa moja na volti 12 huungua, hivyo lazima itanguliwe na rezista. Hesabu ianzie volti 14.4 za wakati wa kuchaji, jambo ambalo ni rahisi mno kulisahau: ohmu 680 hupitisha miliampia 18 hivi. Wapo watakaosema rezista hupoteza umeme kuwa joto. Ni kweli, ila hupotea chini ya robo ya wati. Ohmu 2,200 hupunguza hasara hiyo kwa kushusha mkondo hadi miliampia 6 hivi, na usiku ziwani mwanga huo bado huonekana vizuri.