Mhifadhi na Kihifadhiwacho: Watumishi wa Makumbusho ya Unguja

Neno "makumbusho" limetokana na kitenzi "kumbusha", nacho ni "kumbuka" katika kauli ya kutendesha. Katika kauli hiyo hapana budi awepo mwenye kutenda. Walakini jiwe, kasha au mlango wa nakshi hauwezi peke yake kumkumbusha mtu jambo. Huweza pale tu apatikanapo ajuaye jina lake, kazi yake na watu walioutumia. Makala haya yanawatazama wajuzi wa namna hiyo katika majumba ya makumbusho ya Mji Mkongwe: mabawabu, wafagizi, mafundi na waandishi wa daftari, ambao aghalabu hawatajwi katika historia ya majumba hayo.

Jumba la kwanza lililojengwa mahsusi kwa kazi hii ni Beit el Amani, lililo Mnazi Mmoja. Lilifunguliwa mwaka 1925 kuwa ukumbusho wa amani iliyopatikana baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na ramani yake ilichorwa na John Houston Sinclair, aliyekuwa Rezidenti wa Kiingereza. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Dakta Spurrier, na baada yake Dakta Ailsa Nicol Smith aliishika kazi hiyo tangu 1936 hadi 1942. Habari za wakuu hao twazijua vizuri, kwa kuwa waliandika taarifa na barua nyingi; naye Sarah Longair ameieleza historia ya jumba hilo katika zama za ukoloni katika kitabu kilichochapishwa mwaka 2015. Mkuu huja na kuondoka, na kumbukumbu yake hubaki katika karatasi. Mtumishi wa chini hukaa miaka mingi, na kumbukumbu yake hubaki kichwani mwake, kisha hufa naye.

Kazi ya mtumishi huyo si ndogo. Mji Mkongwe uko kando ya bahari, na hewa ya chumvi hula chuma na shaba. Kuta za mawe na chokaa hunyonya maji wakati wa masika, ukungu ukashika vitabu na nguo. Mchwa nao hawachagui baina ya kiti cha mfalme na sanduku la mvuvi. Dawa ya maradhi haya kwanza ni macho ya mtu apitaye kila siku: afungue madirisha kwa saa yake, ainue mikeka, aone unga wa mbao sakafuni kabla mguu wa meza haujaoza. Mgeni hayaoni hayo, na kutoyaona kwake ndiyo dalili ya kwamba yamefanywa vema.

Lugha yetu imewapa watu hawa majina matatu yafaayo kupimwa. "Bawabu" amepewa jina la mlango, kwa Kiarabu "bab", wala jina hilo halisemi lolote juu ya vilivyomo ndani. "Mtunzaji" yuko karibu zaidi na vitu, kwani kutunza ni kuangalia kwa upole na heshima. Hata mwimbaji wa taarabu hutunzwa. La tatu, "mhifadhi", ndilo lenye maana pana kupita yote. Mswahili husema mtu amehifadhi mali, yaani ameiweka pasipo kuharibika. Tena husema mtoto amehifadhi Kurani, yaani ameiweka moyoni. Maana mbili hizi katika neno moja ndizo sifa za mtumishi wa makumbusho wa miaka mingi.

Daftari ya makumbusho kwa kawaida huandika namba ya kitu, aina yake, vipimo vyake, mahali kilipotoka na tarehe ya kupokelewa. Hayo yote ni ya lazima, lakini tuangalie mifano miwili. Mwaka 2003 mtepe ulijengwa katika ukumbi wa Beit al-Ajaib, wakati jumba hilo lilipokuwa likitengenezwa kuwa makumbusho. Urefu na upana wa chombo hicho waweza kuandikwa na yeyote mwenye kipimo. Lakini mtepe haupigwi misumari. Mbao zake hushonwa kwa kamba za makumbi, na tanga lake ni la mkeka. Kila tundu, kila fundo na kila ubao una jina kinywani mwa fundi, na msamiati huo usipoandikwa chombo kitabaki umbo lisilo usemi.

Mfano wa pili ni chui wa Unguja, aliyekaushwa na kuwekwa katika makumbusho ya Mnazi Mmoja. Wataalamu walimpa jina la Kilatini mwaka 1932, *adersi*, kwa heshima ya Dakta Aders aliyefanya kazi Unguja. Watu wa mashamba wana msamiati wao: husema kuna chui wa mwituni na chui wa kufugwa, naye mfugaji huogopwa kuliko mnyama mwenyewe. Mwanafunzi asomaye kibandiko cha Kilatini tu hatajua kwa nini mnyama huyu aliwindwa kwa juhudi kubwa, hata leo wengi wakaamini kuwa ametoweka kisiwani.

Tarehe 25 Desemba 2020, Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883 na lililosalimika katika mizinga ya 1896, liliporomoka upande mmoja likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Jengo laweza kuinuliwa tena kwa picha na michoro yake. Maneno ya mtu aliyeyahifadhi bila kuandikwa hayana mchoro.

Yatupasa basi sisi wa taaluma ya lugha tusiwaachie wenzetu wa mambo ya kale kazi hii peke yao. Kabla mtumishi hajastaafu, na akae na mwandishi mbele ya kila kitu alichokifuta vumbi, ataje jina la kitu kwa lafudhi yake, majina ya sehemu zake, na aliyoyasikia kwa waliomtangulia. Maneno hayo yaandikwe katika daftari ile ile yenye namba na vipimo, pamoja na jina la msemaji. Hapo ndipo bawabu atakapoingia katika historia aliyoilinda mlangoni.