Intavali: umbali wa sauti
Mwalimu wa kwaya anayetaka kueleza intavali, yaani tofauti ya kimo kati ya noti mbili, hupata maneno mengi ya Kiswahili, na karibu yote yana kasoro. "Kipindi" na "muda" ni vya saa. "Pengo" linadokeza kitu kilichopungua. Linabaki "umbali", nami naliunga mkono, mradi tukubaliane jinsi ya kuuhesabu.

Umbali wa sauti huhesabiwa pamoja na noti unayoanzia. Kutoka do hadi mi unapiga hatua mbili tu, lakini do ni moja, re mbili, mi tatu: huo ni umbali wa tatu. Hapo ndipo mwanahisabati hukereka, maana ukipandisha umbali wa tatu juu ya mwenzake, do hadi mi kisha mi hadi so, unapata wa tano wala si wa sita. Mi imehesabiwa mara mbili.

Namba peke yake haitoshi. Do hadi mi kuna nusutoni 4, re hadi fa kuna 3, na zote mbili ni umbali wa tatu. Ule wa kwanza tuuite mkubwa, wa pili mdogo. Ila usifupishe ukasema "sauti ya tatu": wanaume wa tena, ambao kwayani ndio sauti ya tatu, watasimama wakidhani wameitwa. Na "utatu", kanisani, una mwenyewe.

Tena umbali huu haupimwi kwa kutoa. La inayotumiwa kulinganishia ala hutetema mara 440 kwa sekunde, la ya juu yake 880, inayofuata 1760. Tofauti imekua kutoka 440 hadi 880, lakini sikio linasikia oktavi ileile, kwa kuwa kila mara mitetemo imezidi maradufu. Mi iliyo umbali wa tano juu ya la ya 440 hutetema takriban mara 660, uwiano wa tatu kwa mbili.

Taarabu ya Unguja, yenye nasaba na muziki wa Misri, inatudai zaidi. Katika maqamu (mpangilio wa noti) ya Rasti, noti ya tatu hukaa kati ya umbali mkubwa na mdogo, mahali ambapo kinanda hakina kitufe. Mpiga udi huipata kwa kidole, kwani shingo ya ala yake haina vigawanyo. Kwa ajili yake kamusi ya muziki inahitaji pia "umbali wa tatu wa kati".