Jalada na Jukwaa: Kumbukumbu za Serikali na Sauti ya Nyeri

Mwanahistoria wa Kenya ya kati aghalabu huanzia kwenye taarifa za kila mwaka ambazo Wakuu wa Wilaya ya Nyeri waliwaandikia wakubwa wao enzi ya ukoloni. Taarifa hizo, zilizomo katika Hifadhi ya Kumbukumbu za Kitaifa jijini Nairobi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, huhesabiwa kuwa ushahidi; fasihi nayo huhesabiwa kuwa ubunifu mtupu. Mpaka huo unastahili kuhojiwa.

Taarifa ya Mkuu wa Wilaya ni matini. Ina msimulizi, ina hadhira, na ina wahusika walionyimwa kauli: mwananchi hutajwa humo kama mlipa kodi, kibarua au mhalifu.

Kesi ya Dedan Kimathi ni mfano bora. Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa mjini Nyeri mwezi Novemba kwa kosa la kupatikana na bastola, na akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo walipochapisha tamthilia yao mwaka 1976, ambayo baadaye ilitafsiriwa kwa jina la *Mzalendo Kimathi*, mwenendo kamili wa kesi hiyo ulikuwa haujachapishwa. Ulitolewa kitabuni mwaka 2017. Kwa miongo minne, basi, jukwaa ndilo lililoshika nafasi ya jalada.

Isitoshe, ukimya wa nyaraka ulipangwa. Kabla ya uhuru wa 1963, watawala waliteketeza baadhi ya majalada na kuyasafirisha mengine Uingereza. Wazee walioteswa katika kambi za kizuizini walipofungua kesi London mwaka 2009, serikali ya Uingereza ililazimika kukiri, mwaka 2011, kwamba ilikuwa imeyaweka Hanslope Park. Mwaka 2013 ilitangaza fidia kwa walalamishi 5,228. Simulizi za wazee hao hazikungoja kuthibitishwa na hifadhi. Zenyewe ndizo zilizoifungua.

Kwa hiyo, mhakiki hana budi kuyasoma majalada kwa jicho lile lile analosomea tamthilia, akiuliza nani anasema na nani amenyamazishwa. Aidha, masimulizi ya Nyeri, Othaya na Karatina yakusanywe sasa. Walioshuhudia vijiji vya hali ya hatari wakiwa watu wazima wamebaki wachache, na hakuna mahakama itakayoweza kudai kurejeshwa kwa jalada ambalo halikuandikwa.