Ufutaji wa aina katika Java

Ufutaji wa aina ni utaratibu ambao kompaila ya Java hutumia kuondoa vigezo vya aina za jumla inapogeuza programu kuwa baitikodi. Aina hizo ziliingia Java 5 mwaka 2004, zikitokana na GJ, kazi ya Gilad Bracha, Martin Odersky, David Stoutamire na Philip Wadler ya mwaka 1998. Shabaha ilikuwa programu za zamani ziendelee kushirikiana na mpya bila kuandikwa upya, na hilo lilifanikiwa.

Kompaila huhakikisha List<String> inapokea maandishi tu, kisha kigezo hicho hufutwa. Programu ikishaanza kazi, List<String> na List<Integer> ni klasi moja. Ndiyo maana, T ikiwa kigezo cha aina, new T() na new T[10] hukataliwa.

Njia za kukwepa vikwazo hivi karibu zote hufanya jambo moja: kilichofutwa hurudishwa kwa mlango mwingine. Iliyo nyepesi ni kuipa methodi hoja ya Class<T>; ikipokea String.class, Array.newInstance huunda safu halisi ya maandishi. Kwa kuunda vitu, Supplier<T> ya Java 8 ni bora: mwitaji hukabidhi ArrayList::new, na akikosea, kompaila humkamata papo hapo.

Lakini List<String>.class haipo kabisa. Hapo ndipo mbinu aliyoieleza Neal Gafter mwaka 2006 inapong'ara. Ufutaji haugusi maelezo ya klasi mama: faili la klasi huweka kumbukumbu kamili ya kile inachorithi. Katika maktaba ya Jackson huandikwa new TypeReference<List<String>>() {}. Mabano yale matupu ya mwisho ndiyo yenye kazi, kwani huzaa klasi ndogo isiyo na jina, na getGenericSuperclass husoma aina nzima ya klasi mama yake. TypeToken ya Gson hufuata njia hiyohiyo.

Wengi hukimbilia (T[]) new Object[10] na kunyamazisha onyo kwa @SuppressWarnings. Ni salama mradi safu ibaki ndani ya klasi. Ikitoka na kupokewa kama String[], ClassCastException huibuka kwa mwitaji, kwenye mstari usio na ubadilishaji wowote wa aina unaoonekana. Onyo hilo linyamazishwe kwenye tamko moja tu, kamwe si klasi nzima.

Kwa int, isiyoweza kushika nafasi ya T, hutumika Integer, au IntStream pale kasi inapohitajika.